Jiwe la Chumvi Karibu na Benchi

Kitendawili. Mkishasema tega, nawategea hiki: nina kitanda, miezi ya baridi wageni wanalala juu ya shuka na wanalipa, shuka likitolewa wanalala juu ya godoro tupu, na wanalipa vilevile. Wajukuu wangu wote walikitegua kabla hawajaanza shule. Ni mlima wetu. Theluji ikiwepo, watu wanaushuka kwa mbao zao za kutelezea. Theluji ikiyeyuka, wanaupanda kwa miguu, wanaushuka kwa baiskeli, wanaruka kutoka kileleni na ile miamvuli yao mikubwa ya rangi. Zamani mlima ulikuwa na likizo. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa unalala fofofo, husikii kitu ila kijito. Siku hizi hata mwezi huo lazima utamwona mtu anapita mbio mbele ya dirisha la jikoni kwangu, kavaa suruali ya kubana, anahema kama fahali.

Silalamiki. Nyumba yangu iko chini kidogo ya stesheni ya kati ya magari ya waya, na njia ya wateleza inapita juu ya konde langu la majani. Marehemu mume wangu Kassian ndiye aliyewaruhusu. Alisema nyasi zikishafunikwa hazijui nani anapita juu yao. Hapa Lahnegg nyumba nyingi zinakula kwa sababu ya wageni, na mtu hatemei sahani anayolia chakula.

Kilichobaki kuwa chetu wenyewe ni ng'ombe. Kila kiangazi ng'ombe wa kijiji kizima hupelekwa malisho ya juu, na mchungaji mmoja hukaa nao huko mpaka mwezi wa tisa, ndipo huwashusha. Siku ya kushuka ndiyo yenye maneno. Kama wote wamemaliza kiangazi salama, ng'ombe huvikwa mataji ya matawi ya msonobari, utepe na waridi za karatasi, na kufungwa zile kengele kubwa ambazo mtoto hawezi kuzibeba. Kiongozi wao huwekewa na kioo kidogo katikati ya paji, ili jicho baya likimtazama lijione lenyewe. Lakini kama mmoja amekufa huko juu, wote wanashuka watupu, bila ua, bila kengele kubwa. Hilo halikuandikwa popote. Watu wakiona kundi linatokeza kwenye kona ya kanisa, wanajua kabla hawajaambiwa. Ndiyo maana nina kitendawili kingine, alichonifundisha mama yangu: wageni wangu wakija wamepambwa, nawauliza habari, wakija watupu, habari nimeshaipata.

Mataji huwa nayatengeneza mimi. Waridi za karatasi nazikunja tangu baridi, jioni, nikitazama mashine zinazosawazisha theluji zikipanda na kushuka na taa zao.

Kiangazi hiki kilichopita mchungaji alikuwa mjukuu wangu Ottilie, binti wa mwanangu wa pekee, ambaye mwenyewe alihamia mjini Innsbruck na ng'ombe anawaona kwenye pakiti ya maziwa. Ottilie alilelewa na mimi. Msimu wa baridi anafanya kazi kwenye viti vya waya, anawanyanyua watoto wa wageni na kuwakalisha, anawafuta kamasi. Lakini tangu akiwa mdogo alikuwa anataka malisho ya juu. Alipoomba, wazee wa ushirika wa wenye ng'ombe walikohoa na kutazama meza. Mwenyekiti wao, Mzee Vinzenz, mtu wa maneno machache na yote makali, alisema huyo ni mtoto wa gari la waya, na ng'ombe hawakati tiketi. Mwisho wakakubali ajaribu kiangazi kimoja. Ng'ombe wakishashuka wangekaa na kuamua kama ataendelea au watafute mtu bonde la jirani.

Basi kiangazi kikaenda vizuri. Nikipanda kumpelekea mkate na nyama ya moshi, nilimkuta kaungua pua na jua, mikono imekuwa mipana. Jibini lake la kwanza lilikuwa gumu, tukacheka kwamba lingefaa kuzuia mlango. La pili lililika.

Sasa huko juu, ukingoni mwa malisho, kampuni ya magari ya waya ilikuwa imejenga jukwaa la mbao na benchi refu, ili wageni wakae watazame bonde. Anayeshughulikia wageni kwenye kampuni ni Korbinian, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ni kijana mwema, mwenye haraka. Siku moja alimwendea Ottilie akamwambia wageni wanapanda kote huko na kukuta ng'ombe wako mbali kama kunguni juu ya blanketi la kijani. Akamwomba lile jiwe la chumvi ambalo ng'ombe hulamba lisogezwe karibu na benchi. Chumvi ikisogea, ng'ombe watasogea.

Jiwe la chumvi tangu enzi za babu zetu hukaa kwenye kibonde, mahali pa tambarare. Kila mtu hapa anajua kwa nini. Ng'ombe penye chumvi hawana adabu. Mkubwa anamsukuma wa kati, wa kati anamsukuma mdogo, na mdogo anasukumwa mpaka pale ardhi itakapomzuia. Ottilie alijua. Lakini palikuwa na uzio pale ukingoni, na Korbinian ni baba yake mdogo, tena kampuni ndiyo inayompa kazi wakati wa baridi. Akalibeba jiwe mwenyewe begani. Ng'ombe wakaja, wageni wakapiga picha, kila mtu akafurahi. Mimi pia nilipita nikaliona. Nikasema moyoni, mbona limekaa huku, kisha mtoto mmoja wa kigeni akaniomba nimshikie kofia, nikasahau.

Ilipobaki wiki moja washuke, ukungu uliingia na theluji nyembamba ya kwanza ikakaa juu ya nyasi. Asubuhi ng'ombe walikuwa penye chumvi. Gundl, kiongozi wao, hakutaka kumwona ng'ombe mwingine karibu. Ottilie alikuwa anashuka kutoka bandani na ndoo, hawaoni, anazisikia tu kengele zao. Akasikia kengele moja inakwenda kasi kuliko nyingine. Halafu hakuisikia tena.

Alikuwa Flora, mtamba wetu. Nasema wetu kwa sababu alizaliwa zizini kwangu, kichwa chake nimekifuta kwa aproni yangu. Aliteleza, akapita chini ya waya wa uzio, akaangukia korongoni.

Korbinian alipopigiwa simu alikwenda na mashine ya kampuni, wakamtoa Flora kwa mnyororo, wakamfunika turubai, wakamshusha kwa barabara ya nyuma jua likiwa linazama. Hapo alitusaidia sana, hilo siwezi kulikana. Kisha akaja jikoni kwangu, akavua viatu mlangoni kama alivyofundishwa, akakaa mahali alipokuwa akikaa utotoni. Nikamwekea kahawa.

Alizungumza muda mrefu. Alisema sherehe ya kushusha ng'ombe ndiyo inayoziba lile pengo kati ya kiangazi na theluji. Mabasi ya wageni yanatoka Bavaria, ng'ambo ya mpaka, hoteli zimejaa, bendi ya matarumbeta imeshalipwa. Mwaka huu vijiji vya jirani vinawashusha ng'ombe wao kwa malori, kwa hiyo ni sisi tu. Wageni wamekuja kuona maua. Tukiwaonyesha ng'ombe watupu wanatembea kimya, mwakani watakwenda kwingine, na akina mama wanaofua mashuka ya hoteli watakaa nyumbani.

Nilimsikiliza. Hakuna alichosema kilichokuwa cha uongo.

"Na Flora tutasema yuko wapi?" nikamwuliza.

"Mama mkubwa, mtamba ni wako. Ukisema ulimshusha mapema kwa kuwa alikuwa anachechemea, nani atabisha?"

"Vinzenz anajua kuhesabu mpaka na mikia."

"Atahesabu akute aliyepungua ni wa kwako. Hana la kusema." Akazungusha kikombe. "Na mtoto atapata malisho yake. Ng'ombe wakishuka watupu, wazee wamepata walichokuwa wanakitafuta. Mimi namfikiria yeye."

Hapo alinigusa, na alijua amenigusa. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na niliona kwamba anamfikiria Ottilie kweli, ila nyuma ya Ottilie kulikuwa na kitu kingine anachokificha, kama mtoto anayesimama mbele ya chungu alichokivunja. Kahawa nilimpa, jibu sikumpa. Alipoondoka niliendelea kukunja waridi, maana mikono ikizoea kazi haimsubiri mwenyewe aamue.

Nitasema wazi, nilitaka kumpa yule mtoto maua. Bibi gani hataki? Nilimwona akilini akibaki kwenye vile viti vya waya maisha yake yote, anawafuta kamasi watoto wa watu, na juu yake mlima anaoutazama tu. Lakini kwetu anayewavika ng'ombe ni mchungaji. Hata mwenye ng'ombe hamvishi wa kwake. Kwa hiyo, alasiri ya kuamkia siku ya kushuka, niliyafunga mataji yote kwenye mashuka, nikapanda nayo gari la waya. Niliketi na vijana wawili na baiskeli zao zenye matope. Mmoja akaniuliza kama nakwenda arusini. Nikamwambia bado sijajua kama ni arusi.

Ottilie alikuwa amekaa kizingitini pa banda, anasugua kengele kubwa kwa majivu. Alikuwa amekonda usoni. Nikatandaza mashuka, mataji yakakaa juu ya nyasi yanang'aa. Hakuyagusa. Alisema Baba mdogo amekuja mara mbili, na wamekubaliana. Alisema hivyo akiwa anaitazama kengele.

Sikumhubiria. Nilimkatia mkate, tukala. Ng'ombe walikuwa wanarudi mmojammoja, na jiwe la chumvi niliona ameshalirudisha kibondeni. Pale ukingoni benchi lilikuwa na wazee wawili wa kigeni wanakula machungwa, wametulia, wanatazama bonde. Ni mahali pazuri kweli. Mahali hapakuwa na kosa.

Baada ya kitambo Ottilie akasema, "Kitendawili."

Alikuwa hajanitegea tangu aote matiti. "Tega," nikasema.

"Kavaa taji kichwani, na nyuma yake kuna nafasi ambayo haijazwi."

Nikafikiri. Nikasema Gundl. Akatikisa kichwa. Nikasema padri wetu, maana ana upara nyuma, akatabasamu kidogo, akatikisa tena. Nikasema nimeshindwa.

"Nipe mji."

"Chukua Innsbruck. Baba yako umkute hukohuko, umwambie aje kunipasulia kuni."

"Nimekwenda Innsbruck, nimekula, nimekunywa, baba hakuwepo," akasema, kama tulivyokuwa tunafanya alipokuwa mdogo. Kisha sauti ikashuka. "Ni mimi, Bibi. Kesho, nikishuka na maua, na Flora hayupo nyuma."

Nikamwuliza kama anajua wazee wataamua nini.

"Najua. Lakini nikishuka na maua wakanipa malisho, mwakani nitakuwa nachunga na nani? Na huyo mchungaji wa uongo? Mimi simtaki bandani kwangu."

Akalia basi, vizuri, kwa sauti, na mimi nikamshika kichwa kama nilivyomfuta Flora. Halafu tukayafunga mataji tena kwenye mashuka. Yalikuwa mengi na yalichoma vidole. Nilimwambia ampigie Korbinian simu, asimwache akutane na jambo hili mbele za watu. Akapiga. Korbinian aliuliza tu watafika saa ngapi.

Kesho yake nilishuka na gari la waya la kwanza nikasimama kwenye kona ya kanisa. Uwanja ulikuwa umejaa. Harufu ya matonge ya mkate na siagi iliyokolea, watoto wamebebwa mabegani, simu zimeshainuliwa juu. Bendi ilikuwa inapiga, na mpiga tarumbeta kubwa alikuwa kafumba macho kwa raha. Wazee wa ushirika walikaa kwenye meza yao ya kila mwaka, Mzee Vinzenz katikati, goti lake bovu kalinyoosha. Korbinian alikuwa jukwaani na kipaza sauti, amevaa koti lake la sherehe, rangi yake kama maziwa yaliyokatika.

Kwa kawaida ng'ombe wetu unawasikia nusu saa kabla hujawaona. Siku ile hatukusikia kitu. Ghafla Gundl akatokeza konani, paji lake tupu, na nyuma yake wengine, na kwato zao tu kwenye mawe. Ottilie alikuwa mbele na fimbo, nywele kazifunga, anatazama moja kwa moja.

Wa kwanza kuona alikuwa mpiga tarumbeta kubwa. Alifumbua macho, akaacha katikati ya wimbo, akavua kofia. Bendi ikakatika kipande kwa kipande. Watu wa kijiji wakavua kofia, mmoja hapa, mmoja kule, na wageni wakageuka wakatazamana. Mama mmoja pembeni yangu alimwuliza mumewe kama hawa ndio ng'ombe wenyewe au wenye maua wako nyuma.

Macho yote yakamwendea Korbinian. Alishika kipaza sauti. Nilidhani atasema kwamba mataji yamechelewa, maana ni mwepesi wa kubuni. Akasema:

"Mabibi na mabwana, mnawaona hawana maua. Hapa kwetu maana yake kuna mmoja hakurudi. Alisukumwa na wenzake penye chumvi, akaanguka. Lile jiwe la chumvi mimi ndiye niliyeomba lisogezwe ukingoni, ili mpate picha nzuri." Akawatazama ng'ombe. "Basi. Chakula kipo, karibuni. Bendi itapiga baadaye kidogo."

Akaweka kipaza sauti mezani bila kukizima, uwanja mzima ukamsikia anapenga kamasi. Watoto wakacheka, na kicheko chao kilisaidia.

Ng'ombe wakapita. Sijui kama wageni walielewa yote. Najua walishusha simu zao, karibu wote, na yule mama aliyeuliza alikuwa amemshika mumewe mkono.

Mzee Vinzenz akainuka. Alikwenda akichechemea mpaka zizi la muda ambako Ottilie alikuwa anafunga komeo, na wazee wenzake wakamfuata. Nami nikafuata, nikajifanya natafuta aproni yangu. Vinzenz alimtazama Gundl, akampapasa shingo. Akamwuliza Ottilie kama ni kweli Korbinian ndiye aliyelisogeza jiwe.

"Aliliomba yeye," Ottilie akasema. "Nililibeba mimi. Nilikuwa najua."

Mzee mmoja akaguna. Wengine waliposema twende tukakae, maamuzi ni ya mezani, Vinzenz hakuondoka.

"Mwakani jiwe utaliweka wapi?" akauliza.

Ottilie aliacha komeo, kama hakuwa na hakika kwamba amesikia neno mwakani. "Kibondeni. Pale pa zamani."

"Na hao wa benchi wakitaka picha?"

"Watembee. Ni hatua chache. Nitawaonyesha njia."

Vinzenz akaitikia kwa kichwa. "Haya. Na jibini lako la kwanza nimesikia ni silaha. Urekebishe." Kisha akaenda mezani, akaagiza supu, na walichoamua huko, kwamba abaki, waliamua kwa muda mfupi kuliko supu ilivyopoa.

Sherehe haikufa. Bendi ilipiga, ingawa kwa upole, na matonge yaliisha. Kama mabasi yatarudi mwakani sijui, na Korbinian naye hajui. Aliniambia jambo hilo halimpi usingizi, nami sikumdanganya kwamba yatarudi. Mwenyewe alikwenda mlimani kabla theluji haijashika, akaongeza waya wa tatu chini ya uzio.

Jioni ile niliyafungua mashuka. Matawi ya msonobari nikayasukumia jikoni kwenye jiko, yakalia tiitii na kutoa harufu nzuri. Waridi nikazichomoa moja moja, nikazipanga kwenye sanduku pamoja na kile kioo kidogo cha Gundl. Waridi za karatasi hazinyauki. Zinaweza kungoja.

Sasa theluji imeshika, na wateleza wanapita juu ya konde langu. Ottilie yuko kwenye viti vya waya anafuta kamasi. Jana alikuja kula, akaniuliza kama nina maziwa ya kutosha, anataka kujaribu jibini tena.